Kifungu cha Kugawana

Katiba ya kituo chetu niliiandika mimi, tena nikajisifu. Mwalimu mstaafu nitashindwaje na katiba? Nilichukua ile ya kikoba chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, nikafuta "mikopo", nikaweka "watoto wenye ulemavu", nikaipeleka stationari ikachapwa.

Kituo kiko Olmotonyi, na paa lake lilikuwa linavujia magodoro ya watoto. Mfanyabiashara mmoja wa mabati mjini, Mchaga mwenye moyo mwema na hesabu kali, alikubali kutuezekea.

"Ila leteni cheti cha hisani, mama," aliniambia. "Nikiwapa wenye cheti, mchango unaondolewa kwenye mapato yangu kabla sijakatwa kodi. Bila hicho mabati siwezi."

Masika yalikuwa yamekaribia, nikaenda mbio ofisi ya kodi kuomba cheti. Dada wa ofisini aliniamkia vizuri, akasoma katiba, akabana mdomo asicheke.

"Mama, hapa mmeandika wanachama watagawana faida kila Desemba."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kifungu cha kikoba nilikisahau humo!

"Hatujawahi kugawana hata kiberiti," nikajitetea.

"Naamini. Lakini taasisi ya hisani haigawii wanachama wake chochote. Itisheni mkutano mkifute."

Wanachama wote ni mama za wale watoto. Niliwaeleza kosa langu, wakanicheka bila huruma. Mmoja akataka kujua faida ya Desemba zote hizo nilikuwa naila na nani. Tulipopiga kura mikono yote iliinuka, isipokuwa wa mama mmoja mkulima wa kahawa. Mwanawe ana miaka tisa na hatembei.

"Mwalimu," akasema, "mimi faida ninayoipata hapa ni moja. Mnanibebea mwanangu kwa zamu, mgongo wangu unapumzika. Kama na hiyo tunaifuta, siinui mkono."

Nilimwambia hiyo haifutwi na mtu yeyote.

"Basi iandike."

Nikaandika: wanachama hawatagawana chochote, isipokuwa zamu za kubeba watoto. Mkono wake ukainuka.

Dada wa ofisini aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Alisema sheria haiidai, ila haina ubaya, akaipokea. Cheti kilitoka, na mabati yakafika mvua za kwanza zikinyesha.

Siku ya kuezeka ilikuwa zamu yangu kumbeba yule mtoto. Nilimbeba kuanzia asubuhi hadi saa sita tu. Jamani, ni mzito.