Alama Nne Zinazomnyima Lupeolo Utulivu

Saa mbili asubuhi, Alhamisi, Lupeolo Fangupo anafagia ukumbi wa sinema ambao ameshaufagia mara mbili tangu kulipopambazuka. Anafika mlangoni, anachungulia barabara ya bandarini, anarudi. Anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua. Anapanga upya vitabu vya tiketi ambavyo wala havikuwa vimeharibika mpango.

"Mama Lupe, kaa basi, unanitia kizunguzungu," anasema Akanesi Pulu, mtangazaji wa redio mwenye miaka ishirini na sita, aliyekaa mstari wa katikati na mfuko wa maandazi mapajani.

"Nikikaa ndiyo atakuja?"

"Na usipokaa je?"

Lupeolo anachukua ufagio tena.

Anayesubiriwa ni Mwalimu Ikani Latu, mstaafu wa shule ya msingi na shemasi. Wao watatu ndio majaji wa Tonga katika Tuzo za Maisha ya Kweli, zinazoshindanisha filamu za visiwani zilizotokana na maisha ya watu waliopo au waliokuwapo. Mwalimu akifika kabla ya saa sita mchana, kosa la Lupeolo litarekebishika. Asipofika, Jumamosi kosa hilo litasomwa jukwaani na kutangazwa redioni mpaka visiwa vya mbali vya Ha'apai, kwa mtu ambaye hakustahili kulisikia.

Lupeolo ana miaka hamsini na tisa. Amechana tiketi katika ukumbi huu wa Nuku'alofa kwa miaka thelathini na mmoja, kwa mshahara ambao leo ni pa'anga mia moja na tisini kwa wiki. Jumamosi asubuhi husuka mikeka na wenzake wa kanisani, na hapo ndipo ada za shule za wajukuu zinapopatikana.

Wasuka mikeka wenzake wana kitendawili chao cha kumtania. Nani ameona filamu zote za mji na hajawahi kukalia kiti? Wageni huhangaika, mara mzimu, mara popo wa darini. Jibu huwa limekaa pale pale, linacheka huku linasuka.

Ujaji haukumjia kwa cheti. Ulimjia kwa mdomo. Watu walipokuwa wakitoka ukumbini, yeye pale mlangoni alikuwa hajizuii. "Yule daktari hajawahi kushika mgonjwa, mmeona alivyomshika mkono? Kama anashika samaki." Baada ya muda watu wakaanza kumuuliza kabla ya kununua tiketi. Mwenye ukumbi alikasirika, kisha akazoea, kisha akalipeleka jina lake kwa waandaaji wa tuzo.

Ana namna yake ya kufanya kazi. Mara ya kwanza huitazama filamu bila sauti, akiwa amesimama nyuma ya ukumbi anapiga pasi mashati ya wafanyakazi. "Sauti inajua kudanganya," anasema. "Mikono haijui." Mara ya pili hufumba macho akasikiliza tu, apime hadithi inavyokwenda. Mara ya tatu ndipo huweka alama.

Mwaka huu zimeteuliwa filamu tatu. Ya mchezaji raga wa Samoa aliipa sita. "Kijana amejifunza kukimbia, hajajifunza kuumwa." Ya dereva wa basi wa Port Vila aliipa nane, kwa sababu mwigizaji alipokuwa akizungumza na mkewe mezani, mguu wake wa kulia uliendelea kukanyaga breki.

Ya tatu ni Mlango wa Manusiu. Hiyo ni ya nyumbani. Mwigizaji wake mkuu, kijana Fetu'u, Lupeolo alimpa nne kwa kumi.

Filamu hiyo inasimulia maisha ya Manusiu Halaapi, ambaye sasa anauza majani ya jimbi sokoni Talamahu. Miaka kumi na tisa iliyopita aliishi Ha'apai. Kimbunga kikaja alfajiri, bahari ikaingia vijijini, kabati likamwangukia mguuni chumbani kwake. Katika filamu, kaka yake, Kitione, anaingia chumba hicho moja kwa moja. Habishi hodi, haiti, hasiti. Anamtoa.

Hapo ndipo Lupeolo alipoandika, kwa mkono wake, sababu ya alama zake: "Mwigizaji hakuelewa mtu anayemwigiza. Kaka wa Kitonga haingii hivi chumba cha dada yake."

Hakuna mtu wa hapa ambaye angeshangaa kuisoma. Kaka na dada wakishakua hawalali nyumba moja, hawafanyiani mzaha, na kwenye televisheni likitokea busu mmoja wao hukumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni. Sababu hiyo ilitumwa Ijumaa iliyopita, pamoja na alama.

Jumamosi, filamu ilionyeshwa kwa wote. Manusiu, ambaye miezi yote alikuwa anakataa kuitazama, alikuja. Ilipofika sehemu ya chumba akainuka, akatoka nje, akashika nguzo. Lupeolo alimfuata na kikombe cha maji.

"Pole, mwenzangu," alimwambia. "Wamemkosea kaka yako, sivyo?"

Manusiu alikunywa maji yote kwanza.

"Hawakumkosea. Ndivyo alivyoingia."

"Bila kuita?"

"Bila kuita. Mimi nina kitambaa cha kulalia tu, kimelowa, maji yako hapa." Alijigusa kifuani. "Binamu zangu wa kike walikuwa ng'ambo ya njia. Angeweza kuwasubiri. Angesubiri, usingekuwa unanipa maji leo."

Tangu siku ile, alieleza, Kitione hajakanyaga nyumbani kwake. Kila akija mjini na meli huacha kikapu cha viazi vikuu kwenye ngazi, anagonga nguzo mara moja, anaondoka. Anaona amemvunjia dada yake heshima. Manusiu amemtumia salamu za shukrani kwa watu kumi na tisa tofauti, mwaka baada ya mwaka. Hazikusaidia. Aliposimulia maisha yake kwa watengenezaji wa filamu, alitaka kaka yake asikie nchi nzima ikimwambia alifanya vyema.

"Ana redio," Manusiu alisema. "Hiyo tuzo ataisikiliza. Hajaniambia, ila mke wake kaniambia."

Lupeolo alipokea kikombe kitupu. Siri ya majaji ni siri, hakuweza kusema neno. Lakini alijua kitakachosomwa redioni: kaka wa Kitonga haingii hivi.

"Mtu amejihukumu mwenyewe miaka kumi na tisa," anasema. "Na mimi naitia saini hukumu yake."

Jumatatu asubuhi aliwapigia waandaaji. Wakamsomea kanuni ya saba. Alama na sababu zikishatumwa hazibadilishwi, mpaka majaji wote watatu wakae chumba kimoja, waitazame filamu tangu mwanzo hadi mwisho, watie saini pamoja. Mwisho, Alhamisi saa sita mchana.

Kwa majaji wengine hilo ni jambo la saa mbili na kahawa. Kwa Lupeolo na Mwalimu Ikani ni ukuta. Mama zao ni wa tumbo moja, na kwetu hiyo inatosha, ni kaka na dada, basi. Msimu mzima wamepokezana ukumbi kwa zamu, yeye Jumanne, Mwalimu Jumatano, huku Akanesi akibeba maneno kati yao. Na Mlango wa Manusiu ina harusi ndani yake, na harusi ina busu.

Jumanne Akanesi alisimama kwenye baraza la Mwalimu, Lupeolo akiwa nje ya ua, mgongo umeegemea ukuta.

"Mwambie dada yangu," Mwalimu alisema kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia, "nina miaka sitini na sita na sijawahi kukaa naye mbele ya busu hata moja."

Akanesi akageuka. "Mama Lupe, anasema..."

"Nimesikia, si kiziwi. Mwambie kaka yangu busu lenyewe ni sekunde nne."

"Mwalimu, ni sekunde nne."

"Amezihesabu?"

"Mama Lupe, umezihesabu?"

"Mwambie nilikuwa napiga pasi!"

"Jamani, nyie wazee mtanimaliza miguu," Akanesi alilalamika. "Si mpigiane simu?"

Mwalimu alisema atafikiri. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Ndiyo maana leo Lupeolo hatulii. Saa tatu inapita. Saa tatu na nusu. Anamsimulia Akanesi jambo ambalo ameshamsimulia jana, anasahau katikati, anakwenda tena mlangoni. Filamu ina dakika mia moja na kumi. Asipofika kabla ya saa nne, hata akija haitakuwa na faida.

Saa nne kasoro dakika kumi, Akanesi anaacha kutafuna.

Mwalimu Ikani anakuja kwa miguu, jua lote usoni. Amevaa shati jeupe, na kiunoni amejifunga mkeka mkubwa, mkuukuu, wenye ncha zilizochakaa, ule ambao mtu huutoa kwa mazishi au anapokwenda kuomba radhi. Lupeolo anauona, anashika mdomo. Anakimbilia chumba cha tiketi na kurudi akiwa amejifunga wake.

Hawasalimiani kwa macho. Mwalimu anapita mpaka mstari wa mbele kabisa, anakaa, anaukabili ukuta mweupe. Lupeolo anakaa mstari wa mwisho, karibu na mlango wake. Akanesi anabaki katikati.

"Mwambie dada yangu awashe."

"Mama Lupe, washa."

Harusi inakuja dakika ya thelathini na mbili. Bwana harusi anainamisha kichwa. Mwalimu Ikani anainama ghafla kufunga kamba za viatu. Amevaa kandambili. Akanesi anajiziba mdomo kwa mfuko wa maandazi, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nyuma, Lupeolo anachunguza dari kana kwamba kuna paa linavuja.

Kisha kimbunga. Kisha chumba.

Fetu'u anaingia. Hasiti. Lupeolo, kwa mazoea ya miaka yote, anahisi shingo yake inaanza kuinama. Anajishika kidevu kwa mkono, anakiinua kwa nguvu.

Hivyo anaona, kwa mara ya kwanza, sekunde tisa zinazofuata. Kijana anainua kabati, anazungusha mikono chini ya dada yake, anamnyanyua majini. Na muda wote huo, uso wake umeelekea juu. Macho yameshika boriti ya paa na hayaiachii. Anamwokoa bila kumtazama. Anatembea nyuma nyuma, anapapasa njia kwa kisigino, anagonga nguzo, damu inamtoka begani, na macho hayashuki.

Filamu inaendelea peke yake.

"Akanesi," Mwalimu anasema, hageuki. "Muulize dada yangu kama siku ile aliyaona macho ya yule kijana."

Akanesi hana haja ya kuuliza.

"Mwambie kaka yangu sikuyaona. Nilikuwa naangalia pasi."

"Mwambie na mimi sikuyaona," Mwalimu anasema. "Mimi nilikuwa natafuta miwani. Ilikuwa usoni."

Akanesi, ambaye tangu mwanzo alimpa Fetu'u tisa na wazee wakamwambia ni ujana, anafuta macho kwa mfuko wa maandazi, anajipaka mafuta shavu zima.

Saa sita kasoro dakika nane wanatia saini, kila mmoja kwa zamu yake, kalamu ikiachwa mezani ili wasipokezane mkononi. Alama mpya zimo kwenye bahasha, na Lupeolo hazitaji. Wala hajui kama zitatosha, maana kuna majaji wa visiwa vingine, na dereva wa Port Vila, anasema, ni mshindani wa kuogopwa.

Sababu mpya tu ndiyo anayoweza kuirudia, kwa kuwa waandaaji wameshaipeleka redioni. Ni mstari mmoja: "Aliingia bila kusita, akamwokoa dada yake kwa mikono, akamheshimu kwa macho."

"Nimefanya kazi hii nikidhani naona," anasema akikusanya makombo ya maandazi chini ya kiti cha Akanesi. "Nilimhukumu mtu kwa jambo ambalo nililikwepa. Mwaka ujao nitaacha pasi nyumbani."

Halipwi zaidi kwa hilo. Ujaji wote ni pa'anga mia nne, na ameshapanga kununua kiti kirefu cha kuweka pale pale mlangoni, akikalie siku za filamu za mashindano. Wasuka mikeka wenzake wameanza kulalamika kwamba kitendawili chao kitakufa.

Kufikia Ijumaa alasiri, ameshaomba jambo moja kwa waandaaji: Jumamosi asipande jukwaani. Atachana tiketi kama kawaida. Ameomba pia viti viwili, kimoja mstari wa mwisho, kimoja mstari wa mbele. Cha nyuma, Manusiu ameshachukua tiketi yake. Salamu zimekwenda Ha'apai kwa mke wa Kitione. Jibu lililorudi ni kwamba mumewe hakusema atakuja, ila ameutoa mkeka wake wa kiunoni kuuanika juani.

Meli inaingia saa kumi. Ni saa tisa na Lupeolo ameshatoka mlangoni mara nne. Anatazama barabara ya bandarini, anarudi, anashika ufagio, anauacha. Mkono uko mfukoni, juu ya tiketi ya mstari wa mbele.

"Hii," anasema, "nataka niichane mwenyewe."