Mama Hodi na Milango Iliyofungwa

Mama Hodi, ndivyo mtaa ulivyomwita, alikuwa binti wa mkunga aliyepokea nusu ya watu wa mtaa huo, mjukuu wa mchimba visima asiyewahi kuacha shimo kabla ya maji. Yeye mwenyewe alilea, akazika mume, akaona watoto wakitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Chumba kikabaki na kitanda, redio na yeye.

Ndipo daktari wa kifua alipompa kazi ya kuuliza. Kwa kila mwanamke aliyelazwa kwa kikohozi kisichopona, amtafute mzima asiye na kikohozi, wa rika lake, mtaa uleule, awaulize wote wawili maswali yaleyale: unapikia nini, jiko lina dirisha, unakaa motoni muda gani. Mzima atoke nyumba ya tatu kutoka kwa mgonjwa. Pakiwa pamefungwa, arudi; asiruke.

Akaruka. Kufuli lilimchoma moyo, maana jioni alikuwa na la kwake la kufungua. Penye "karibu mama, kaa" ndipo alipokaa, akauliza, akaulizwa hali, akacheka.

Daktari akamwita. "Mama, wazima wako wote wanashinda jikoni. Wanaokwenda kazini wamehama?"

"Wapo. Walikuwa wamefunga."

"Basi moshi wa wagonjwa na wa wazima umetoka sawasawa. Nikipeleka majibu haya hivi, nimeapa kwamba moshi hauna kosa. Na hao unaokaa nao, nani atawajengea dohani za kutolea moshi?"

Akamkumbuka mmoja wao, mcheshi kweli, anayecheka huku akifuta machozi ya moshi kwa upindo wa kanga.

"Niache nirudie, mwanangu."

"Yote?"

"Yote niliyoruka."

Akarudi jioni, akarudi Jumapili, akasimama mbele ya makufuli mvua ikimnyeshea. Waliofungua walikuwa hoi kwa kazi. Walimjibu wima, kiti hakikutoka. Kwake redio ilisema peke yake. Magoti yakavimba kabla milango haijaisha, akamwita binti wa kaka yake amalizie.

"Shangazi, nianzie kwa yule mcheshi? Nasikia ana maneno matamu."

"Maneno matamu ndiyo yaliyoniponza. Huyo kamsalimie siku yako ya mapumziko. Kazi iko kwenye kufuli. Ukikuta pamefungwa, rudi, na urudi tena."

"Na wasiponikaribisha?"

"Uliza hivyohivyo, umesimama. Ukimaliza pitia kwangu. Mimi nitakuwa nimefungua."