Ree Moja la Shupaza

Bora niliseme mwenyewe, maana nimechoka kulisikia likisemwa kwa kuongezwa: ni kweli nilikwenda Konde kuposa nikarudi Jadida mikono mitupu, na ni kweli sababu ilikuwa karata.

Mimi ni mgane, mwaka wa sita sasa. Nilimtaka Bi Salma, mjane wa makamo mwenzangu, na kaka yake, Mzee Hamad, alikubali niende na rafiki yangu Faki tule chakula cha mchana, ili anitazame vizuri (alikuwa kaambiwa kwamba mimi ni msomaji, ila mbishi). Faki alinionya tangu njiani: "Yakhe, leo kula, itikia, nyamaza."

Lakini wali ulichelewa, habari za mvua zikaisha, habari za wagonjwa zikaisha, na mimi kimya hunishinda, nikatia mkono mfukoni nikatoa karata.

"Kamari hiyo?" akauliza Mzee Hamad.

"Hasha, mzee. Twahisabu kwa komwe tu, kama kwenye bao."

Basi nikawafundisha mchezo niliojisomea kwenye simu mwaka mzima na kuuandikia daftari (nalo nilikuwa nimelichukua, kwa bahati mbaya). Kila mtu hupewa karata nne, tano hulazwa wazi mkekani, na mwisho hutengeneza tano zako kwa mbili za mkononi na tatu za mkekani, si zaidi si pungufu; tano za aina moja, shupaza tupu kwa mfano, hushinda mara nyingi. Nikaeleza kwamba karata nne nzuri ni zile zinazosaidiana, na kwamba huruhusiwi kuongeza komwe kuzidi zilizokwisha tiwa sahanini katikati, kwa hiyo sahani hujaa polepole na mwenye pupa ndiye anayeumia. "Mbili za mkononi, tatu za mkekani," nilirudia mpaka Faki akapiga miayo.

Mgao wa tatu, mkekani zikalala shupaza nne. Mkononi nina ree la shupaza, kubwa kuliko zote, na nyingine tatu nyekundu. Nikatia komwe zote nilizoruhusiwa, Mzee Hamad akanifuata taratibu, nami nikazifunua zangu, nikalibamiza ree mkekani. "Shupaza tano! Hakuna wa kunipita!"

Mzee Hamad akalaza sita na nne za shupaza. Akazitazama zangu.

"Mbona mie naona shupaza moja tu hapo? Si ulisema mbili za mkononi?"

Ningesema nimekosea, yangeisha, tungekula. Badala yake nikasema ree ni mbali, ree husimama peke yake, na alipotikisa kichwa nikasema haya, Faki, fungua daftari, soma wasikie. Faki akanitazama kwa huruma, kisha akasoma mstari niliopigia wino mwekundu mwenyewe: "Hasa shupaza zikiwa nne mkekani, usidanganyike na ree moja."

Nyuma ya pazia mtu akacheka.

"Daftari limekosea," nikasema.

"Kwani kaliandika nani?" Ilikuwa sauti ya Bi Salma, kutoka huko huko nyuma ya pazia.

Nikazihesabu upya karata zangu, kana kwamba shupaza ya pili ingejitokeza kwa kuona haya.

Wali ukaja, na pweza wa nazi, tukala, tukaaga. Jibu la Bi Salma lililetwa na Faki baada ya siku tatu, naye alilitoa akiwa amesimama, hakutaka hata kukaa.

"Kasema weye mtu mwema. Lakini kasema, ikiwa umebishana na daftari lako mwenyewe, yeye atapona wapi?"

Karata nilimpa Faki siku ile ile, na nyumbani kwa mtu sitoi tena mchezo mfukoni, hata wali uchelewe mpaka alasiri. Asubuhi hujipikia chai kikombe kimoja, na nikionja husema kwa sauti, "Nimekosea." Mara nyingi chai huwa haina kosa lolote. Naizoeza tu midomo.