Kura ya Bahasha

Swali la Selestina lilikuwa moja tu, na siku ile ya mafunzo ukumbini Iringo aliliuliza mpaka wenzake wakaanza kukohoa.

"Mwalimu, hii bahasha naitoa lini hasa?"

Abednego, kijana aliyeletwa kuwafundisha wasimamizi wa uchaguzi wa Jumuiya ya Maji ya Kirambo, alitabasamu kwa upole. "Mama, tumia busara."

Selestina akaketi. Kwa jinsi alivyolijua yeye, neno busara hutumiwa na mtu anayetaka lawama ibaki kwako. Akafungua tena kijitabu walichogawiwa. Zamani mwanachama asiyeonekana kwenye daftari alifukuzwa mlangoni akaenda zake akilaani. Mwaka huu kanuni ilikuwa imebadilika. Mtu wa namna hiyo apewe karatasi ileile ya kura, akishapiga aitie kwenye bahasha tupu, bahasha hiyo nayo iingie kwenye nyingine yenye jina lake na dole gumba lake, kisha iwekwe kwenye sanduku la pembeni. Kamati ya uchaguzi iliyoko Bunda ikithibitisha kwamba ni mwanachama kweli, bahasha ya nje inafunguliwa, ya ndani inachanganywa na nyingine, na kura inahesabiwa bila mtu kujua ni ya nani. Kijitabu kilitaja watu wa aina mbili tu: anayedai ni mwanachama lakini jina halipo, na yule ambaye jina lake limeshakatwa kana kwamba amepiga.

Hapo pangetosha. Lakini Abednego akaongeza la kwake. "Na mtu akileta kelele kituoni, mpe bahasha. Atanyamaza, foleni itasonga."

"Hata kama jina lake lipo?"

"Mama, si nimesema busara?"

Alirudi Nyamuswa jioni ile na hasira yake nzima nzima. Mumewe Eliud, aliyemjua, alimwekea chai kwanza.

Selestina alizaliwa Butiama, kwenye boma la baba aliyelima ulezi na kufuga, akafundishwa cherehani na masista wa parokia. Alipoolewa na Eliud walikaa Nyasho, Musoma mjini, miaka ambayo mumewe alikuwa na kazi ya kupakia samaki. Huko alizoea bomba. Alizoea mpaka akasahau kwamba maji yana uzito. Kazi ya Eliud ilipokwisha wakarudi kwao Eliud, Nyamuswa, na yeye akajikuta tena na ndoo kichwani alfajiri, akigombea kisima na ng'ombe. Kwa hiyo mradi wa Kirambo ulipoanza, hakukosa siku hata moja kwenye kuchimba mtaro wa mabomba.

Kazini kwake alijulikana kama mtu wa kufumua. Mshono ukienda upande kidogo, aliufumua wote hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni na harusi imeanza. Watu walimlalamikia, na walirudi. Nafikiri ndiyo sababu alichaguliwa kusimamia kituo. Aligombana na pande zote kwa kiwango kilekile.

Na pande zilikuwepo, maana waliogombea uenyekiti wa jumuiya walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Shija, mnunuzi wa pamba wa pale senta, aliyetaka tenki jipya lijengwe karibu na maduka. Wa pili alikuwa Lukresia, mwalimu mstaafu, aliyeahidi vijiji vya mlimani birika la kunyweshea mifugo. Kila mmoja alimweka wakala wake kituoni. Wa Lukresia alikuwa binti mpole aliyeshinda anafuta miwani. Wa Shija alikuwa Amos.

Siku ya kura, ghala la pamba lililogeuzwa kituo lilifunguliwa mapema na foleni ilikuwa imeshazunguka ukuta. Karani Dennis alikaa na daftari, Selestina akakaa na karatasi za kura na bunda la bahasha, mawakala nyuma yake. Mambo yalikwenda vizuri kwa muda mfupi sana.

Mfugaji wa kwanza kutoka mlimani kufika mezani aliitwa Mseti. Alitoa kadi. Dennis akalipata jina. Picha ilikuwepo pia, ingawa kwenye picha Mseti hakuwa na ndevu.

"Napinga," Amos akasema.

"Unapinga nini?" Selestina akauliza.

"Huyu simjui. Apewe bahasha."

"Kwani ni lazima umjue wewe?"

"Kuna mashaka. Penye mashaka ni bahasha. Tulielezwa hivyo."

Selestina alimtazama Mseti, akatazama picha, akamuuliza jina la baba yake na kitongoji chake. Akajibu vyote bila kusita. Akampa kura ya kawaida. Amos akaandika kitu. Akaja mfugaji wa pili, Amos akapinga. Wa tatu, akapinga. Mkulima wa pale senta alipofika na kadi iliyoliwa na panya, Amos akamwamkia na kumuulizia watoto.

Hapo Selestina akaelewa mchezo, na damu ikamchemka. Kura ya bahasha ilikuwa imewekwa ili kumwokoa mtu asiyeonekana kwenye daftari. Amos alikuwa ameigeuza zizi. Wenye haki kamili wangeswagwa humo mmoja mmoja, kura zao zingekwenda kukaa Bunda zikisubiri wakubwa, na jioni hesabu ya sanduku kubwa ingetangazwa bila wao.

"Sikia, baba," akamwambia Amos bila kugeuka. "Mtu ambaye haki yake iko hapa mezani simpi ya kusubiri. Ukipinga, nitamuuliza maswali mbele yako na nitaandika kwamba umepinga. Lakini sitoi bahasha."

Amos akatoka nje kupiga simu. Haukupita muda, Abednego akafika kwa bodaboda, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Siku hiyo alikuwa mratibu wa vituo vyote vya upande ule, na kwa sura yake kila kituo kilikuwa kimemtoa jasho.

Akamvuta Selestina pembeni. "Mama, wape hizo bahasha. Huko nje vijana wameanza kutupiana maneno. Mimi nataka siku iishe bila mtu kuumia."

"Hata mimi."

"Sasa tatizo ni nini? Kura si kura? Zitahesabiwa tu."

"Kama zinahesabiwa sawasawa, mbona Amos anazitaka kwa watu wa mlimani tu?"

Abednego akajipangusa vumbi la magotini. Alitazama foleni, akatazama simu yake ambayo haikuwa na mtandao. "Nitaandika kwamba umekataa maelekezo," akasema hatimaye. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa amechoka.

"Andika. Kalamu hii hapa."

Akaandika, akapanda pikipiki, akaondoka kwenda kwenye kituo kingine kilichokuwa kinamwita. Selestina akarudi mezani. Hakuwa na hakika hata kidogo kama alikuwa sahihi. Vijana nje walikuwa wanapayuka kweli, na kama lingerushwa jiwe, lingekuwa jiwe lake.

Halikurushwa. Lakini udhia haukwisha. Dennis alikata jina la mzee Burito badala ya mwanawe, kwa sababu ubini ulikuwa mmoja na yeye alikuwa anaangalia nje. Mzee alipofika akakuta ameshapiga kura. "Mimi? Nimetoka nyumbani sasa hivi," akasema. Selestina akamtazama Dennis mpaka kijana akainamisha kichwa. Hapo bahasha ilikuwa mahali pake, akampa mzee, akamweleza kila hatua. Baadaye akaja mtu ambaye hakuwahi kuchangia hata jembe kwenye mtaro, akadai ni mwanachama. Alijua anadanganya. Hata hivyo kijitabu kilisema anayedai apewe, waamue wengine. Akampa, ameuma meno.

Mchana jua likiwa kali, akaingia Rhobi.

Rhobi alikuwa shangazi yake Eliud. Siku waliyorudi kutoka Musoma na vitanda juu ya lori, ndiye aliyewapokea, akawapa nyumba ya nyuma mpaka waliposimama. Na kwenye mtaro walichimba bega kwa bega. Akaweka kadi mezani, akangoja.

Dennis akapekua. Akarudi mwanzo, akapekua tena. "Jina halipo, mama."

"Tafuta vizuri, mwanangu. Hilo jina nimekuwaga nalo toka nizaliwe."

Selestina akalichukua daftari akatafuta mwenyewe, mstari kwa mstari. Halikuwepo.

Nyuma yake Amos akasema kwa sauti laini ambayo hakuwa ameitumia tangu asubuhi, "Ah, huyu mama tunamjua sote. Mpe tu kura ya kawaida, mama. Sisi hatuna kipingamizi."

Selestina nusura acheke kwa uchungu. Mtu aliyepinga majina yaliyopo, sasa anamdhamini ambaye hayupo, kwa kuwa Rhobi na Shija ni wa ukoo mmoja. Na ubaya wa jambo ni kwamba yeye mwenyewe alitamani kukubali.

Akachukua bahasha mbili. "Shangazi, utapiga kura kama wengine. Ila yako itaingia humu kwanza."

Rhobi akazitazama zile bahasha. "Mke wetu," akasema polepole, "unanitia kwenye bahasha kama rambirambi?"

"Ni utaratibu, shangazi. Jina halionekani. Wakilithibitisha Bunda, inahesabiwa."

"Bunda kuna nani anayenijua? Si wewe ndiye unanijua?"

"Nakujua. Ila wangapi leo nimewapa kwa sababu nawajua? Ningeanza hivyo, na Amos angetaka wake anaowajua."

"Mimi sikukuuliza habari za Amos. Nauliza: itahesabiwa?"

"Itahesabiwa," Selestina akasema.

Rhobi akapiga kura, akafunga, akaweka dole gumba. Selestina akamwandikia kipande cha karatasi cha kuonyesha amepokelewa. Mama yule akakichukua kama anavyochukua mtu chenji pungufu, akatoka bila kuaga.

Jioni wakahesabu. Lukresia alishinda, na pengo lilikuwa kubwa kuliko bahasha zote za vituo vyote zikiwekwa pamoja. Watu wa mlimani wakashangilia, watu wa senta wakafunga maduka mapema. Sanduku la bahasha likapelekwa Bunda.

Siku chache baadaye Eliud alirudi nyumbani ameduwaa. "Shangazi hakuitikia salamu yangu. Ananipita njiani kama nguzo."

"Atapoa."

"Leo ameniuliza kitu kimoja tu. Kama kura yake imehesabiwa."

Selestina akampigia Abednego. Abednego akasema ukweli: kamati ilikuwa imeamua kutozifungua bahasha. Haziwezi kubadilisha mshindi, na wajumbe walikuwa na kazi nyingine.

Selestina akaacha sare za shule zikiwa zimekatwa, akapanda basi la Bunda. Ofisini alimkuta mwenyekiti wa kamati anakula muhogo, na Abednego kwenye kona anapanga mafaili. Mwenyekiti akamweleza kwa utaratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba matokeo hayabadiliki.

"Mheshimiwa, mimi sikuwaambia watu kwamba zitahesabiwa kama zinahitajika. Niliwaambia zitahesabiwa. Nimeisema kwa mdomo wangu, mtu ananitazama usoni."

"Sasa mama, faida yake nini?"

"Kama hazifunguliwi, basi yule Amos alikuwa na akili kuliko mimi. Mwakani kila mtu atajua kwamba bahasha ni shimo. Na mimi sitakaa mezani tena kumtupa mtu shimoni."

Mwenyekiti akatafuna. Aliyesema ni Abednego, bila kuinua macho kutoka kwenye mafaili. "Nusu saa inatosha, mzee. Mimi nitasoma majina."

Ilichukua zaidi ya nusu saa. Mawakala wakaitwa, Amos akaja akapiga miayo mwanzo mpaka mwisho. Yule aliyejidai mwanachama akakataliwa, bahasha yake ikawekwa kando haijafunguliwa. Mzee Burito akakubaliwa. Rhobi naye jina lake likapatikana kwenye daftari la zamani la kijiji, ukurasa ambao mnakili aliuruka. Bahasha za ndani zikachanganywa, kura zikahesabiwa, zikaongezwa. Mshindi akabaki yuleyule. Mwenyekiti akanawa mikono akasema, "Haya mama, umeridhika?"

Selestina hakuridhika. Alikuwa amepoteza siku nzima ya kushona kwa kitu ambacho kingefanyika bila yeye. Lakini alishukuru, akapeana mkono na Abednego, akarudi.

Alimkuta Rhobi anapepeta ulezi. Akapiga magoti kumwamkia, akamweleza yote. Rhobi akasikiliza huku ungo unaendelea.

"Walijua nimemchagua nani?"

"Hapana, shangazi. Zilichanganywa kwanza."

"Nilimpa Lukresia," Rhobi akasema. "Shija ni mtoto wetu, lakini tenki la dukani litaninyweshea ng'ombe? Na yule Amos wake amekuwaga na dharau toka utoto." Akaupuliza ungo, makapi yakaruka. "Kwa hiyo sasa jina langu limo kwenye daftari jipya?"

Selestina akafikiri. Kamati ilithibitisha uanachama, ikahesabu kura. Daftari lenyewe hakuna aliyeligusa.

"Bado," akakiri.

Rhobi akaweka ungo chini. "Bado. Yaani uchaguzi ujao nitatiwa bahasha tena."

Selestina akaketi kwenye kigoda, akavua viatu, akafumba macho. Wa kuagiza daftari lisahihishwe sasa alikuwa Lukresia, naye alikuwa bado hajakabidhiwa ofisi. Kwenda nyumbani kwake ilikuwa ni mlima mzima kwa mguu, na sare za watu zilikuwa zinamngoja.

"Nitakwenda kesho, shangazi," akasema. "Lete maji ninywe kwanza."