Ukurasa wangu ulionyesha njia ya kijani, mkondo ulikuwa umeshafurika

Wakuu, salaam kutoka Ifakara. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi.

Shule niliiacha njiani, nikazurura bonde zima kwa vibarua, ila kompyuta zimeniteka. Masika haya nikatengeneza ukurasa wa mtandaoni wa njia za mashambani. Inayopitika ni kijani, iliyojaa maji ni nyekundu. Watu wa Lipangalala wakauamini.

Mnajua huku mpunga ukianza kuzaa familia zinahamia shamba kufukuza ndege. Kizito, jirani yangu wa bodaboda, alikwenda kumchukua mama yake, anaumwa huko kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga.

Mimi nikafika Katindiuka, nikakuta mkondo wa mto unaokata njia hiyo ya shamba umefurika. Nikabadilisha rangi palepale kwa simu, nikampigia.

"Kizito, usipite mkondoni!"

"Acha uoga wewe. Nimefungua sasa hivi, juu imeandikwa tarehe ya leo, njia kijani. Si kazi yako mwenyewe hii?"

"Refresh!"

"Nimesharefresh bwana. Mama anatetemeka, nakuja."

Ikakatika. Nikipiga, hapatikani.

Nikasogea hadi ukingoni.

Nikasikia pikipiki ng'ambo, kwenye matete. Nikavua shati nikapunga, nikapiga kelele, maji yakameza sauti yote. Akaingia. Katikati pikipiki ikazima, ikalala, ikaenda. Mama yake kamng'ang'ania shingoni.

Mfugaji mmoja wa Kisukuma alikuwa ng'ambo ileile na ng'ombe wake. Akawarushia kamba, akawavuta hadi ukingoni kwake.

Baadaye wakavushwa kwa mtumbwi. Kizito hakunitukana. Alitoa simu kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka kando ya yangu. Ukurasa uleule, tarehe ileile. Yangu nyekundu, yake kijani.

Nikarudi kwenye kompyuta kutafuta sababu.

Kumbe tarehe ilikuwa kwenye ukurasa wenyewe, na huo ulimfikia mpya. Rangi zilikuwa kwenye faili la pembeni, njia.js. Jina halikubadilika, simu yake ikaona faili hilo inalo tayari, ikatumia la zamani. Mimi huwa nafuta cache, yaani nakala ambazo simu imejihifadhia, nikijaribu kazi, ndiyo maana sikuliona tatizo.

Sasa kila nikifanya build, yaani kuandaa ukurasa upya, script yangu ndogo inasoma yaliyomo kwenye faili na kupachika kwenye jina lake mkia unaotokana nayo, mfano njia.8f3a1c.js. Rangi moja ikibadilika, mkia unabadilika, na ukurasa unaelekezwa kwenye jina jipya. Simu haina ujanja, lazima ipakue.

Nilichojifunza: ukijaribu kwa simu yako tu, hujajaribu.

Jana nimekutana na mama Kizito.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo rangi gani?"

Nilipanda baiskeli kwanza, nikaenda kutazama maji.

Wenye ujuzi, swali langu: simu iliyoko dunguni bila mtandao bado inaonyesha kijani cha zamani. Hiyo mnaizuiaje? Nisaidieni mapema, maana huku mawingu yameshafunga tena.