Alhamisi za Madam Nilufar

Kama umewahi kumwona mtu akipigania asubuhi moja ya wiki kama anayepigania kiwanja cha marehemu baba yake, basi unamjua Dk. Nilufar Khandakar hata kama hujakanyaga mji wa Silheti. Mwanamke mfupi, sari ya pamba isiyokaa sawa begani, mwendo wa haraka, sauti ya chini. Katika chuo cha udaktari pale mjini alikuwa mkuu wa utafiti. Cheo kirefu, chumba kifupi: meza, viti viwili, na feni iliyozunguka siku ikijisikia.

Kazi yake, kwa maneno mepesi, ilikuwa kuwafanya walimu na wanafunzi waulize maswali yao na kuyatafutia majibu wenyewe, badala ya kukariri majibu ya wengine. Nasema kwa maneno mepesi, kwa sababu kwa vitendo ilikuwa kazi ya kubembeleza tu. Walimu walikuwa na kliniki zao za jioni, na huko ndiko moyo wao ulikokuwa. Wanafunzi walikuwa na mitihani. Na mkuu wa chuo, Profesa Enayet, alikuwa na hofu ya kila kitu kipya.

"Wazazi wamewaleta watoto wao wasome, Nilufar," alimwambia. "Hawakuwaleta kugonga milango ya watu."

"Sir, daktari asiyejua kugonga mlango atamtibu nani?"

"Atakayekuja mwenyewe."

"Na asiyekuja?"

Profesa akakohoa, akaagiza chai. Akikuagizia chai ujue hoja imemwishia, lakini hajakubali. Nilufar akanywa chai hiyo miaka miwili, kikombe kwa kikombe, mpaka shingo upande akapewa asubuhi za Alhamisi. Siku hiyo hakuna mhadhara. Wanafunzi wa mwaka wa nne wanatoka kufanya utafiti wao. Siku aliyopewa ruhusa hiyo alifunga mlango wa kile chumba chake akalia kidogo, kisha akapangusa miwani, akaenda kufundisha.

Utafiti wa kwanza ulikuwa wa waja wazito wa vijiji vya bondeni, wengi wao wenye mimba ya kwanza. Wanafunzi waliwaandikisha wakati wa kiangazi, mtu anapoweza kutembea kwa miguu katikati ya mashamba ya mpunga. Waliwapima damu, wakawapa vidonge vya kuongeza damu, wakaahidi kurudi kuwapima tena mimba zikikaribia miezi ya mwisho. Swali lilikuwa dogo na la maana: je, mama akitembelewa na kutiwa moyo, damu yake itapanda kuliko ya yule aliyepewa vidonge akaachwa?

Profesa Enayet naye aliweka sharti lake. "Wakitoweka theluthi ya hao wanawake, huo si utafiti tena, ni hadithi. Na Alhamisi zinarudi kwenye mihadhara. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Sir."

Mvua za mwezi wa Ashar zikaja. Mashamba yakawa ziwa, kila kijiji kikabaki kisiwa, na wanafunzi wakaanza kwenda kwa trola, yaani zile mashua za injini zinazopiga kelele kuliko zinavyokwenda. Wiki ya kwanza wakarudi wamelowa. Ya pili wakarudi wamelowa na wamenuna. Ya tatu, kiongozi wao, binti mmoja wa Dhaka aitwaye Rubaiya, akaja ofisini na mwenzake Tanmoy, kijana wa Chatgaon asiyeweza kukaa dakika tatu bila kufanya mzaha. Siku hiyo hata yeye alikuwa amenuna.

"Madam, hawapo," alisema Rubaiya.

"Akina nani?"

"Wanawake wetu. Karibu nusu. Tunafika, tunamkuta mavyaa yake mlangoni, anasema hayupo. Tumewaandika wamepotea."

"Hao akina mavyaa wamekula njama, Madam," alidakia Tanmoy. "Mimi nilimuuliza mmoja, bibi, mkwe wako yuko wapi? Akasema, amekwenda kwao. Kwao wapi? Akanyoosha mkono kwenye maji. Maji matupu! Nikamuuliza, bibi, amekuwa samaki? Akanifungia mlango."

"Ulimuuliza hivyo mtu mzima?"

"Nilikuwa nimelowa mpaka kwenye soksi, Madam."

Rubaiya hakucheka. "Wanatuogopa. Wanafikiri tunauza damu ya watoto wao. Ni kosa langu, labda sikuwaeleza vizuri kiangazi." Macho yalikuwa yameanza kumjaa. "Alhamisi zetu zimekwisha, sivyo?"

Nilufar akamwambia hapana, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ndiyo. Walipotoka alishika tama. Kikao cha kamati kilikuwa karibu, na Profesa Enayet hakuwa mtu wa kusahau sharti lake. Akilini aliwaona watoto wale wakirudishwa darasani wakanakili ubao, na wa mwaka utakaofuata hivyo hivyo, na yeye mwenyewe akistaafia kwenye chumba cha feni yenye kiburi. Ilimuuma sana.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, Jobeda Khatun, akipiga kutoka kijijini Kandigaon, na kama kawaida yake akizungumza kwa sauti ya kumfikia mtu ng'ambo ya pili bila simu.

"Maji yamefika kwenye ngazi ya uani," alisema. "Trola zinapita hapa kutwa nzima. Binti wa Moyna amekuja. Mabinti wawili wa Hajera wamekuja, kaka yao amekwenda kuwachukua. Shirina wa jirani naye kaja na tumbo lake hilo, miguu imevimba, maskini. Nyumba zote zimejaa mabinti, zinanuka mafuta ya nywele. Hapa kwangu kunanuka kuku."

"Mama, nina kazi."

"Sikukuuliza kama una kazi. Nakuhesabia mabinti waliokuja naior."

Nilufar alisimama ghafla, na kiti kikaanguka nyuma yake.

Naior! Mvua zikijaa, binti aliyeolewa anarudi kwa wazazi wake. Kaka yake anamfuata kwa mashua, naye binti anakaa, anakula, anapakwa mafuta, anadeka. Na mwenye mimba ya kwanza, mwezi wa saba ukiingia, harudi kwa mumewe mpaka amejifungua. Hakuna mtoto wa bondeni asiyelijua hili. Rubaiya na Tanmoy wa mjini wangelijulia wapi? Lakini yeye, Nilufar, aliyezaliwa Kandigaon, ndiye aliyetunga maswali ya utafiti, akauliza kijiji cha mume, jina la mume, njia ya kwenda kwa mume, na hakuuliza hata mara moja: na kwenu ni wapi? Wale akina mavyaa walikuwa wamesema kweli tupu.

Wala hakuhitaji mtu wa kumweleza kwa nini swali hilo lilimtoka akilini. Watoto wake wawili aliwazaa Dhaka, katikati ya mitihani. Mara zote mbili ni mama yake aliyefunga safari kumfuata, na chungu cha samli mapajani. Tangu aolewe hakuwahi kwenda naior. Kila mwaka alisema mwaka kesho, na kila mwaka mama yake akapiga simu kumhesabia mabinti wa wenzake.

"Mama," alisema, "Shirina wa jirani ameolewa wapi?"

"Fotehpur. Kwa nini?"

"Tumemwandika amepotea."

"Nani kapotea? Yuko uani kwangu sasa hivi, anakula maembe mabichi na chumvi!"

Alhamisi iliyofuata wanafunzi walirudi kwa akina mavyaa wale wale, safari hii na tambuu na popoo mkononi. Nilufar aliwaagiza wasiulize yuko wapi kama askari wa doria. Wakae kwanza, wakubali chai, waulize kwao binti ni wapi na ni nani aliyekuja kumchukua. Tanmoy alimwomba radhi yule bibi wa samaki, akaambiwa kijiji, akalishwa wali, na akapewa ujumbe wa kumpelekea mkwe: asitembee peku kwenye utelezi. Trola zikatawanyika kila upande. Siku nyingine nazo wakazichukua, hata Ijumaa baada ya sala. Mmoja mmoja wanawake wakapatikana, wamenenepa, wamepakwa mafuta, wakishangaa waliosema wamepotea ni nani.

Ikabaki Kandigaon, na kikao kilikuwa kimebakiza siku mbili.

"Rubaiya, utakwenda wewe," alisema Nilufar.

"Madam, Kandigaon si kwenu?"

"Ndiyo kwetu."

Binti akamtazama tu. Kuna wanafunzi wenye macho ya namna hiyo, hawasemi neno na bado unajikuta unajibu. Wakaenda wote wawili.

Shirina walimkuta barazani kwa mama yake, miguu juu ya mto. Rubaiya alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akakitazama tena. Damu ilikuwa imeshuka chini sana. Vidonge alivisahau kwa mumewe siku kaka yake alipomfuata, kwa haraka ya kuwahi maji. Rubaiya akamtazama mwalimu wake, na Nilufar akamwachia aseme mwenyewe.

"Shangazi," Rubaiya alimwambia mama wa Shirina, "tutampa vidonge vingine leo. Lakini uchungu ukimjia akiwa hapa, na damu hii, tunaweza kumkosa. Bora ajifungulie hospitalini."

"Mtoto wa kwanza anazaliwa kwao," alisema mama yule, akimvuta binti yake kifuani. "Mimi nilizaliwa kwetu. Yeye kazaliwa kwetu. Sasa nimpeleke akazae kwa wageni?"

Hapo ndipo Nilufar alipochuchumaa, akamshika yule mama magoti.

"Dada, usimpeleke. Nenda naye. Beba mto wake, beba mafuta yake, lala pembeni yake. Ulipo wewe ndipo kwao."

Mama yule akaanza kulia polepole, akasema atakwenda. Nilufar aliinuka. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yakimrudia. Kutoka pale barazani aliiona nyumba ya mama yake, na moshi wa jikoni.

Jobeda Khatun alikuwa anakaanga handesh, maandazi ya unga wa mchele na sukari guru. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Nilufar hakujua zilikuwa nyeupe lini. Aliinama akamgusa miguu kwa heshima. Mama hakugeuka mara moja, akaliopoa kwanza andazi lililokuwa likiungua.

"Umekuja kwa kazi."

Angeweza kudanganya. "Nimekuja kwa kazi, Mama."

"Haya. Kazi nayo ishukuriwe, imekuleta. Kula." Akamgeukia Rubaiya. "Na wewe kula, mifupa mitupu. Hao mabinti mliokuwa mkiwatafuta, mkishawapata mnafanyaje?"

"Tunafuta pale tulipoandika amepotea, Nani," alisema Rubaiya, mdomo umejaa. Neno hilo la bibi lilimtoka lenyewe. "Tunaandika amepatikana."

Bibi akaweka tambuu shavuni, akatafuna kidogo. "Basi mwandike na huyu."

Rubaiya hakujua acheke au afanye nini. Nilufar yeye alijua. Alikaa chini pale pale, sakafuni, karibu na jiko, akaweka kichwa kwenye paja la mama yake, na mama akasema sari itaingia majivu, lakini mkono ulikuwa tayari kichwani.

Trola ya kurudi ilipopiga honi, aliyepanda alikuwa Rubaiya peke yake.

"Madam, na kikao? Mimi nitasema nini mbele ya Sir?"

"Utasema ulichokiona. Utafiti ni wenu, sikuwahi kuufanya mimi. Akikuagizia chai, usiinuke."

Siku ya kikao Nilufar aliamka alfajiri kama mtahiniwa. Mchana ulipita, simu haikulia. Alasiri mama yake alimkalisha kwenye kigoda na chupa ya mafuta ya nazi, akaanza kumchana, akinung'unika jinsi mjini wanavyoziachia nywele za watu zikauke. Ndipo ikalia.

"Madam!" Rubaiya alikuwa akihema. "Aliagiza chai mara mbili! Sikuinuka. Tumewapata karibu wote, nimemweleza na habari ya Shirina, ndipo akasema Alhamisi zibaki. Ila mwakani tusithubutu kutunga maswali bila kuuliza kwao ni wapi. Na Madam, samahani, amekuulizia."

"Kasemaje?"

"Kasema, Madam Nilufar yuko wapi? Nikasema amekwenda kwao. Akasema, kwao wapi? Sikujua nimwambie nini, Madam. Nikanyoosha mkono dirishani, kwenye maji."

Nilufar alicheka mpaka machozi yakamtoka, na alipomaliza kucheka machozi yakaendelea.

"Tulia," alisema mama yake. "Unatikisa kichwa, nitakuvuta nywele."