Dole la Marehemu Fikirini

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Bi Zamzam hupiga magoti, huvuta mkebe wa biskuti kutoka uvunguni mwa kitanda na kuufungua. Hutoa karatasi moja moja, huzitazama mbele na nyuma ingawa hajui kusoma, kisha huzirudisha kwa mpangilio uleule na kuufunga mkebe kwa kipande cha kanga kuukuu. Ndipo hufungua dirisha. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Yeye ni mama wa mama yangu, Sitara, na nyumba ni ileile ya Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo.

Habari ya mkebe ilianza mwaka hamsini na saba. Mumewe, Fikirini, alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma, lakini kwenye karatasi alikuwa hai. Stakabadhi ya kodi ya kiwanja ilitoka kwa jina lake kila mwaka, na karani wa dirishani hakuuliza kitu, kwa sababu nusu ya mtaa walilipa hivyohivyo kwa majina ya marehemu wao. Kubadilisha jina kulimaanisha kwenda kwa Liwali, na kwenda kwa Liwali kulimaanisha kufungua mirathi. Fikirini aliacha mjane, binti mmoja, na ndugu wa kiume aitwaye Bakili aliyekuwa Kilwa. Bi Zamzam aliona wazi mambo yatakavyokuwa: Bakili atadai fungu lake, nyumba itauzwa ili wagawane, na yeye na mtoto wa miaka minane watatoka na mikeka yao kichwani. Kwa hiyo alinyamaza. Bakili naye alinyamaza huko aliko.

Kilichomtoa kwenye ukimya huo ni moto. Katika nyumba ya pili paka aliangusha koroboi, chumba kikaungua, na bibi kizee mmoja hakutolewa kwa wakati. Harufu ilikaa mtaani siku nne. Bi Zamzam alikuwa na wapangaji, na kila mpangaji alikuwa na koroboi yake, chini ya paa la makuti yaliyokauka. Akawa anashtuka kila aliposikia kitu kikianguka, hata kama ni kifuniko cha sufuria. Waya za umeme zilikuwa zimeshafika kwenye nguzo ya kona. Akaenda kumwita fundi.

Fundi alikuwa kijana mwenye leseni, Praful, aliyeuza glopu na swichi katika duka la baba yake karibu na soko. Alipima nyumba kwa kamba, akaichora yote: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo. Akaweka alama ndogo kila mahali pa taa.

"Maombi hayapokelewi nusu, mama," alisema. "Ramani ninayo. Hesabu ya taa na swichi ninayo, na saini yangu. Wewe nipe karatasi ya kiwanja, na mwenye nyumba atie dole kwenye fomu hii. Kimoja kikikosekana, zote zinarudi." Akaisoma karatasi ya kiwanja. "Fikirini. Mzee mwenyewe yupo?"

Bi Zamzam alisema neno la kwanza lililomjia. "Yupo ndani. Hajiwezi."

"Pole sana. Basi mpelekee tu."

Akaingia chumbani, akashusha pazia la mlangoni, akakaa kwenye kitanda alichofia mumewe.  Akalibandika dole gumba lake mwenyewe chini ya jina la Fikirini. Siku mbili zilizofuata alilisugua dole lile kwa ndimu na majivu, lakini wino ulibaki pembeni mwa ukucha, na kila aliposalimiana na mtu alilificha ndani ya ngumi.

Hakufikiri jambo moja. Ukisema ndani kuna mgonjwa, watu watakuja kumwona. Siku ya tatu, Praful alipokuja kufunga waya, alibeba kikapu kidogo.

"Machungwa ya mzee," alisema. "Mama yangu kayatuma."

Barazani alikaa Leodegar, mpangaji wa chumba cha mbele, fundi viatu kutoka Ndanda. Alisubiri hadi Praful apande ngazi.

"Mama mwenye nyumba, nasikia baba amerudi. Kodi ya mwezi huu nimpe nani?"

"Leodegar, punguza sauti."

"Maana kwetu anayejulikana kufufuka ni mmoja tu, na hakuomba umeme."

"Acha hayo," mkewe, Severa, alimwambia. "Fundi atakusikia."

Wiki iliyofuata Praful alileta habari. Mkaguzi wa kampuni ya umeme atakuja Jumanne kuangalia waya, na anataka mwenye nyumba awepo.

 Siku zile kila mwanamume aliyepita na karatasi mkononi, Bi Zamzam alimfikiria kuwa ametumwa. Aliona kabisa askari wakimpitisha Mnazi Mmoja mchana, watu wamesimama pembeni wakimtazama, na Sitara nyuma akilia. Jumatatu alimwita Leodegar uani, akamwomba alale kitandani kesho, ajifunike shuka hadi puani, akohoe kidogo.

Leodegar hakucheka. "Mama, nilale kitanda cha marehemu, nijiite marehemu? Na akitaka tusome dua pamoja, nitoe rozari?"

"Ni dakika tano tu."

"Jela si dakika tano. Nisamehe, mama yangu."

Jumanne mkaguzi alifika pamoja na Praful. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipita chumba kwa chumba na ramani mkononi, akagusa kila swichi, akahesabu taa, akatazama paa, akaweka alama kwenye karatasi. Bi Zamzam alimfuata nyuma akiwa amekunja ngumi. Mwishowe mkaguzi alivua kofia.

"Kazi safi. Sina neno. Nimeambiwa mzee ni mgonjwa."

"Amelala."

"Sitamwamsha. Lakini siwezi kutoka nyumba yenye mgonjwa bila kumjulia hali, mama, sikulelewa hivyo. Yuko humu?" Akavua viatu, akaelekea chumbani.

"Amefariki," Bi Zamzam akasema.

 Praful akauliza kwa sauti ndogo, "Leo?"

"Mwaka wa tatu sasa. Dole ni langu."

Mkaguzi alivaa viatu vyake taratibu, kimoja baada ya kingine. Akaitoa ile fomu, akaikunja, akamrudishia. "Hii sijaipokea," alisema. "Waya ziacheni, ni nzuri. Nenda kwa Liwali, leta barua yake na madole ya warithi wote. Walio hai."  Praful aliyatazama maganda makavu ya machungwa ya mama yake kwenye benchi ya Leodegar, naye pia akaondoka.

Kwa hiyo alilazimika kufanya kile alichokikimbia miaka mitatu. Severa, aliyesoma kwa masista, aliandika barua ya Kilwa. Bi Zamzam alifunga nguo zake na za mtoto katika shuka, akaliweka furushi nyuma ya mlango, akangoja. Bakili alifika siku ya kumi na nne. Alikaa kwa Liwali akasikiliza mafungu yakisomwa: nusu ya binti, thumuni ya mjane, yaliyobaki yake. Kwa vyumba sita, walikadiria vitatu, kimoja na viwili.

"Kuuza siuzi," alisema Bakili. "Nitachukua viwili vya mbele, na baraza."

Leodegar alihamia mikononi mwa Bakili pamoja na chumba chake. "Angalau huyu anapumua," alisema.

Maombi ya pili yalibeba barua ya Liwali, dole la Bakili, na madole mawili ya Bi Zamzam, moja lake, moja kwa niaba ya Sitara. Hayakurudi; ile fomu ya kwanza, iliyokunjwa, ikaingia mkebeni. Taa ziliwaka siku chache kabla ya Ramadhani, na furushi lilikaa nyuma ya mlango hadi Idi ilipopita.

Nilikaa na swali moja miaka mingi, kwa kuwa mimi si mwepesi wa kuuliza. Juzi, alipokuwa akiufunga mkebe, nilimuuliza. Angeweza kusema mzee ana ndui, au amekatazwa kuonana na watu. Kwa nini siku ile alisema kweli?

"Mkaguzi alikuwa ameshashika pazia," akasema.